Nyayo Mia na Nane

Ukienda dukani kwa Ernesta pale Same, kando ya barabara kuu, ukamwambia unataka pedi za breki za gari fulani la mwaka fulani, hakupi. Kwanza atakuuliza za zamani ziko wapi. Kama hukuja nazo atakurudisha ukazifungue. Ukishazileta ataziweka kaunta, atatoa mpya kwenye boksi, atazilaza mgongo kwa mgongo na kuzikagua kwa jicho moja, jingine kalifumba. Zikipishana hata unene wa ukucha, boksi linarudi rafuni na wewe unaambiwa ujaribu kwingine. Namba iliyoandikwa kwenye boksi kwake si kitu. Mafundi wanamnung'unikia, madereva wanamtania kwamba ana roho ya hakimu, lakini wanarudi, maana hajawahi kumuuzia mtu kifaa kisichoingia.

Vijana wa stendi wanamwita Mama Breki. Wanadhani ni kwa ajili ya duka, na hawana ubaya; wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Lakini jina lile ni la zamani kuliko duka. Alilipata akiwa na miaka ishirini na mitano, na leo ana hamsini. Kila akiitwa hugeuka, huitika, hutoa kifaa, na kitu humchoma pale pale kilipomchoma mara ya kwanza. Nusu ya umri wake ameitikia tusi.

Ernesta alikuwa mrukaji. Si wa kuruka chini, ule mchezo wa kukimbia na kujitupa mchangani ambao kila mtoto wa shule anaujua. Yeye alikuwa wa miruko mitatu: unakimbia, unakanyaga ubao kwa mguu mmoja, unatua kwa mguu ule ule, unabadilisha mguu, halafu ndipo unajirusha na kutua mchangani. Ukiruka kabla ya kuufikia ubao umejipunja. Ukiuvuka, bendera nyekundu, na mruko wako hauhesabiwi hata ungetua Kenya. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye zile mbio za kuuendea ubao. Unaanzia kwenye alama yako, hatua zako ni zile zile siku zote, na alama ikiwa sahihi mguu wenyewe unaukuta ubao bila kuutafuta.

Alama ya Ernesta ilipimwa na Mwalimu Tumainieli. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule juu Mamba, kijana mwenye sauti kubwa, aliyehudhuria semina ya michezo ya wiki moja na kurudi na kijitabu kimoja. Alimwona Ernesta wa darasa la sita akivuka mifereji ya maji kwa mguu mmoja huku amebeba mfuko wa tangawizi kichwani, akaenda kwa wazazi, akaitisha msaragambo. Watu wa Mamba wakatoka kwa wito kama wanavyotoka kusafisha mifereji au kuzibua ndiva, yale mabwawa ya maji ya kumwagilia, wakachimba shimo kwenye uwanja wa shule na kulijaza mchanga walioupandisha kutoka bondeni kwa magunia. Hilo halina ubishi, na Ernesta hajawahi kulikana. Bila Mwalimu asingeruka.

Futi kamba shule haikuwa nayo. Mwalimu alikuwa na katambuga, zile ndala za tairi la lori, kubwa, zimetokeza mbele na nyuma ya mguu. Basi akapima kwa hizo. Alianzia kwenye ubao, akalipa shimo mgongo, akatembea kisigino kwa kidole, unyayo mmoja mbele ya mwingine, akihesabu kwa sauti. Ernesta akiwa na miaka kumi na mitatu alama yake ilikuwa nyayo sitini na mbili. Alivyokua ikaongezeka, themanini, tisini na saba, na alipofika ishirini ikatulia kwenye mia na nane. Hapo ikawa kama jina lake la pili. Kanuni ilikuwa moja tu: alama ya Mwalimu haiguswi. Hata alipochukuliwa kwenye timu ya taifa na kupewa makocha wenye saa shingoni, aliomba Mwalimu abaki naye, na Mwalimu alifuatana naye Kampala na Nairobi akiwa na katambuga zake, wapiga picha wakicheka, yeye akihesabu. Kampala alirudi na medali. Nairobi aliruka mita kumi na tatu na nusu, na gari lililompokea Same lilisukumwa na watu kutoka stendi hadi kanisani wakati injini yake ilikuwa nzima.

Halafu ikaja Johannesburg, fainali ya mashindano ya Afrika.

Kilichotokea pale, Same nzima ilikiona, kwa sababu hoteli moja ya barabarani ilitoa televisheni nje. Mruko wa kwanza Ernesta aliuvuka ubao kwa hatua nzima, bendera nyekundu. Wa pili alikuja kwa kasi, akaukaribia ubao, miguu ikaanza kudonoa chini hatua fupi fupi, akapita pembeni ya mchanga bila kuruka. Wa tatu akadonoa tena, akakanyaga ubao kwa mguu usio wake wa kurukia, na goti la kulia likapinda kwa upande ambao goti halipindi. Alitolewa kwa machela. Hakuruka tena maishani.

Katikati ya mruko wa kwanza na wa pili, jambo ambalo televisheni haikuonyesha, alimkimbilia Mwalimu kwenye uzio akamwambia alama imesogea, ubao unamjia mapema. Mwalimu alimjibu kwamba amehesabu mwenyewe asubuhi ile, ni mia na nane, namba haibadiliki, na kinachobadilika ni moyo wa mtu. Akamwambia ni woga. Ernesta alikuwa na miguu miwili na macho mawili. Angeweza kuisogeza ile alama nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Hakuisogeza. Kwa hilo amejikasirikia miaka yote, kabla hajajua kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.

Siku waliyorudi nchini mwandishi wa redio alimwekea Mwalimu kinasa sauti mdomoni. Mwalimu akasema kwa huzuni kubwa, kwa sauti ile yake ya kufundishia: binti yangu alipiga breki. Mimi nilimfikisha kwenye ubao, kuruka ilikuwa kazi yake.

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Na lingekufa kama majina mengine ya utani, lau Mwalimu asingelifanya kuwa somo. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kualikwa. Alilisema kwenye harusi, akiwaasa maharusi wasipige breki. Alilisema kwenye mahafali ya shule. Alihamishiwa kufundisha Maore, kule tambarare chini ya Gonja, akalisema miaka sita mfululizo kwa watoto wa Maore ambao hawakuwahi kumwona Ernesta kwa macho. Hakumtukana hata mara moja. Alimtaja kwa upole, kama unavyomtaja marehemu. Mara tatu Ernesta alikuwapo ameketi kwenye benchi, watu wakigeuka kumtazama kwa huruma, na yeye akitazama kitabu chake cha nyimbo. Mara ya nne hakuwapo, lakini binti yake Agape alikuwapo, kwenye mafundisho ya kipaimara. Mtoto alirudi nyumbani, akaweka daftari mezani, akamuuliza mama yake kama ni kweli aliogopa. Ernesta alimjibu ndiyo. Alimjibu hivyo kwa sababu alikuwa ameshaamini.

Sasa mwaka huu shule ya Mamba ikafikisha miaka sabini na mitano. Katibu wa sherehe alikuwa Rodgers, mwalimu wa michezo wa sasa, kijana mchapakazi asiyejua kukaa kimya. Alishuka hadi dukani Same kumwomba Ernesta mambo mawili. La kwanza, apande aje kusema neno la shukrani kwa Mwalimu Tumainieli, kwa sababu uwanja wa shule utapewa jina lake na kibao kiko tayari. La pili, awahi kumsaidia kupanga meza ya kumbukumbu. Ernesta alikubali yote mawili. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia kwamba mzee alikuwa anatimiza miaka sabini, na chuki nayo inachosha.

Jumamosi ile alifika Mamba mapema, ukungu bado umelala kwenye mashamba ya tangawizi. Rodgers alimwonyesha meza katika darasa la nne: kengele ya zamani iliyokuwa rimu ya gari, rejista ya kwanza ya shule, picha za wakuu wa shule waliotangulia. Mwishoni kulikuwa na katambuga za Mwalimu, zimepanguswa vumbi, na kando yake boksi la viatu vyeusi vya ngozi ambavyo ni kama havijavaliwa. Rodgers alikuwa ameandika karatasi kwa kalamu nene: Viatu alivyovaa Mwalimu siku ya fainali, Johannesburg.

Ernesta alisoma ile karatasi mara mbili; siku ile kwenye uzio alikuwa ameutazama uso wa Mwalimu tu, si miguu. Akamuuliza Rodgers kama ana hakika. Rodgers akasema ameambiwa na Mwalimu mwenyewe, na ni kisa kizuri, mama, hujawahi kukisikia? Kiongozi mmoja wa msafara alimkataza Mwalimu asiingie uwanjani na ndala za tairi, televisheni za Afrika nzima zikiangalia, ikaonekana ni aibu kwa nchi. Wakamnunulia viatu asubuhi ile ile, vikawa vidogo, akavivaa hivyo hivyo kwa uzalendo. Rodgers alicheka. Ernesta hakucheka, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi bila kumuuliza.

Alitoa kiatu kimoja kwenye boksi. Alichukua katambuga moja. Akavilaza soli kwa soli, kisigino sawa na kisigino, akavibana kwa vidole, akafumba jicho moja. Katambuga ilitokeza mbele. Hakuhitaji rula, maana kazi yake ni hiyo, lakini aliomba rula ya darasa ili asije akaambiwa ana hasira. Zilikuwa sentimita mbili.

Sentimita mbili mara mia na nane. Alichukua chaki akaandika ubaoni kama mtoto wa darasa la nne, akazidisha: mia mbili kumi na sita. Mita mbili na zaidi. Kwa mita mbili na sentimita kumi na sita alama yake ilikuwa imesogezwa kuelekea kwenye ubao, naye akiukimbilia kwa hatua zile zile alizofundishwa tangu utotoni. Ubao ulimjia mapema kwa sababu ulikuwa mapema. Miguu yake ilidonoa kwa sababu ilikuwa inamwambia ukweli, na yeye akaikataa miguu yake mwenyewe akamwamini Mwalimu.

Rodgers alimuuliza kama anaumwa. Ernesta alimwambia hapana. Ilikuwa ni hasira, na alikuwa hajawahi kuwa na hasira ya namna ile: haikuwa moto wala haikuwa kelele, ilikuwa ni kitu kizito kilichokaa kifuani kikatulia na kuanza kupanga. Alifuta ubao. Akarudisha kiatu kwenye boksi, akalifunga, akalikwapua pamoja na katambuga na kutoka navyo.

Mwalimu alikuwa ameshaketishwa chini ya turubai, kiti cha mbele, suti ya kijivu na raba nyeupe, mzee bado mkakamavu. Ernesta alimwendea, akamwinamia na kumpa shikamoo. Mwalimu akaitikia marahaba binti yangu, akamshika mkono asiuachie. Ernesta alitaka kumpa nafasi. Watu hawaamini hilo, lakini alitaka. Huenda mzee mwenyewe hakuwahi kujua. Mtu anaweza kukosea hesabu asijue. Akamuuliza kwa upole kama aliwahi kuvivaa tena vile viatu vyeusi baada ya Johannesburg.

Mwalimu aliuachia mkono wake. Akasema vilimbana. Akaanza kumuulizia hali ya Agape.

Programu ikaenda kama programu zinavyokwenda. Kwaya, risala, mgeni rasmi aliyechelewa, kwaya tena. Kibao cha uwanja kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kijani karibu na lile shimo la mchanga, ambalo Rodgers alikuwa amelifyeka na kulipalilia wiki nzima. Ernesta alipoitwa, Rodgers alimtambulisha kwa mbwembwe, mwanariadha wetu wa kimataifa, na nyuma huko kijana mmoja akapaza sauti, Mama Breki huyo, watu wakacheka kwa mapenzi kabisa. Mwalimu naye alicheka kidogo. Kile kicheko ndicho kilichommaliza Ernesta.

Alichukua kipaza sauti akasema hatatoa hotuba. Watoto wa siku hizi hawajui alama ilikuwa inapimwaje, akasema, na mwenyewe yupo, basi wamwombe Mwalimu ashuke uwanjani awapimie kama zamani. Watu walipiga makofi. Mzee angekataaje mbele ya mgeni rasmi? Alivua raba, akavaa katambuga alizoletewa na Ernesta, akasimama kwenye ubao, akalipa shimo mgongo. Akaanza. Moja, mbili, tatu, kisigino kwa kidole, na kufika ishirini shule nzima ilikuwa inahesabu naye. Ilikuwa raha kutazama, hata Ernesta anakiri. Kwenye mia na nane aliinua mikono, Ernesta akachomeka kijiti mbele ya kidole chake, na watu wakashangilia.

Ndipo akafungua boksi.

"Sasa pima na hivi," alisema.

Mwalimu alivitazama viatu. Hakuuliza ni vya nini, wala hakuuliza kwa nini. Alisema miguu imevimba siku hizi, havitamtosha.

"Havikukutosha hata siku ile, Mwalimu. Ulipima navyo."

Ernesta akamgeuzia mgongo. Akaketi kwenye majani, akavua viatu vyake, akavaa vile vyeusi na kufunga kamba kwa nguvu, maana vilimpwaya. Akaenda kwenye ubao. Goti lake la kulia halipendi mwendo wa namna ile, kisigino kwa kidole kwenye majani yenye mafundo, lakini alikwenda, akihesabu kwenye kipaza sauti peke yake. Watoto wawili watatu walianza kuhesabu naye kwa mazoea, kisha wakanyamaza, kwa sababu wakubwa walikuwa wamenyamaza. Tisini. Mia. Kijiti kilikuwa bado kiko mbali. Mia na saba, mia na nane, akasimama, na kati ya kidole chake na kijiti cha Mwalimu palikuwa na uwanja mtupu.

"Mtu mzima anaweza kulala hapo akanyoosha miguu," alisema. "Hapo ndipo breki yangu ilipo."

Watu wa Mamba si wajinga wa vipimo; hawa ndio watu wanaogawana maji ya ndiva kwa saa, na mwenzio akijizidishia robo saa mnapelekana barazani. Ukiwaonyesha mita mbili wanaziona. Wenzetu wa makabila mengine hututania kwamba Mpare akipotelewa na kuku huuza ng'ombe ili aendeshe kesi, na ni kweli, kwa sababu suala si kuku. Wazee walikuwa wanamtazama Tumainieli kama wanavyomtazama mtu aliyekamatwa usiku kwenye mfereji akiwa na jembe.

Ernesta alimfuata mzee pale aliposimama na katambuga zake. Akateremsha kipaza sauti, kwa sababu swali lililobaki alilitaka kwanza kwa ajili yake mwenyewe.

"Ulijua lini?"

Midomo ya Mwalimu ilikuwa inatafuta ile sauti ya kufundishia na haikuipata.

"Kwenye ndege," alisema. "Tulipokuwa tunarudi. Vilikuwa vinanibana, nikavivua ili nivae katambuga, nikaviona viko pamoja sakafuni."

"Kabla ya redio."

"Kabla ya redio."

"Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Goti langu limefungwa, nalia. Ukaniambia nisilie, kila mtu ana kiwango chake."

"Wangeniondoa," Mwalimu alisema. "Wangesema mwalimu wa porini, anapima kwa ndala. Wewe ulikuwa umeshaumia, binti yangu. Ulikuwa huruki tena kwa vyovyote. Nilisema huyu hana cha kupoteza."

Ernesta aliinua kipaza sauti akakiweka mdomoni mwa mzee, kama yule mwandishi wa redio. Akamwambia arudie. Na Mwalimu Tumainieli, mzee wa kanisa, mbele ya wanafunzi wake wa miaka arobaini, akafungua mdomo, na hapo hapo mchungaji akaipungia mkono kwaya.

Kwaya ikaimba. Ndivyo tulivyo. Aibu ikitaka kutoka hadharani tunaifunika kwa wimbo, tena wa sauti nne. Waliimba beti zote, na kufika ubeti wa mwisho mgeni rasmi alikuwa ameshaelekezwa kwenye chakula, Mwalimu ameshapelekwa kivulini, na Ernesta amebaki uwanjani na kipaza sauti kilichozimwa. Kitambaa cha kijani hakikufunuliwa siku ile.

Alasiri wazee walimwita darasani. Walikuwa watano, na msemaji wao alikuwa Loth, kaka yake Ernesta mwenyewe, jambo lililomuudhi zaidi. Loth alisema wameongea na Mwalimu, amekiri, anaumia, na yuko tayari kutoa mbuzi ili jambo liishe kifamilia. Ernesta akauliza jambo gani. Loth akasema hilo la viatu. Ernesta akamwambia kwamba la viatu halina kesi; mtu amebadilishiwa viatu, amekosea hesabu, basi, hilo angemsamehe akiwa bado kwenye machela. Kesi ni ya miaka ishirini na mitano ya mahubiri. Mwanangu alifundishwa kipaimara kwa jina langu, alisema, na nyinyi mnaniletea mchuzi.

Mzee mmoja akamuuliza basi anataka nini, mbuzi wawili? Ernesta alisema hataki kitu chenye miguu. Anataka maneno. Kila mahali Mwalimu aliposimama akasema Ernesta alipiga breki, arudi hapo hapo, asimame, aseme kwamba Ernesta hakupiga breki, ni yeye aliyeisogeza alama, na alijua. Aseme na hilo la kujua. Mashuleni, makanisani, kwa wale maharusi kama bado wanaishi pamoja. Loth alisema mzee ana miaka sabini, atazunguka milima yote hii? Ernesta alimjibu kwamba wakati wa kulieneza aliizunguka, tena kwa furaha. Hakula chakula chao. Alishuka Same na gari la jioni akiwa bado amevaa vile viatu vyeusi, hakugundua mpaka alipofika mlangoni kwake.

Wiki tatu hakusikia lolote isipokuwa minong'ono. Mara Mwalimu amesimama kanisani Mamba baada ya matangazo. Mara ameonekana kwenye shule moja ya jirani, mstarini, asubuhi. Watu wengine walimwambia Ernesta kwamba amepita kiasi, mzee anajikokota, mwenye moyo wa Kikristo angekuwa ameshamwambia yatosha. Aliwauliza moyo wa Kikristo una mita ngapi. Hawakurudia.

Jumanne moja, jua la saa sita limekaza, akamwona anakuja kutoka upande wa stendi. Suti ile ile ya kijivu, katambuga miguuni, kitambaa mkononi cha kujifuta jasho. Alikuwa anasimama kwenye kila kijiwe. Alisimama kwa waendesha bodaboda, akasema, wakamsikiliza wakiwa wameduwaa. Alisimama kwa mama wa chapati, akasema. Ernesta hakuwa anayasikia maneno lakini aliona vichwa vikigeuka kutazama dukani kwake, na safari hii hapakuwa na aliyecheka. Vijana wawili walimsindikiza mzee hadi mlangoni, na mmoja wao, kwa nia njema, akatangulia kumwambia Mama Breki ana mgeni.

Mwalimu akamgeukia yule kijana.

"Anaitwa Ernesta," alisema. "Jina hilo jingine nilimpa mimi, na lilikuwa la uongo."

Kijana akainamisha kichwa. Mwalimu aliingia, akashika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili, akihema. Ernesta alimwamkia. Hakumpa kiti, ingawa kilikuwapo, na alijisikia vibaya kutompa, na hakumpa hivyo hivyo. Alimmiminia maji kwenye kikombe, mzee akanywa yote. Kisha Ernesta akainama chini ya kaunta, akatoa boksi la viatu vyeusi na kuliweka katikati yao, kifuniko wazi.

Mwalimu alilitazama. Akasema amefika Mamba yote, amefika makanisa mawili ya juu, amefika stendi, na sasa amefika hapa. Akasema amechoka, Ernesta. Hakusema binti yangu. Macho yake yalikuwa yanamwomba neno moja tu, na Ernesta alilijua ni lipi, na alilitafuta ndani yake kwa haki kabisa, kama anavyotafuta kifaa kwenye rafu, akakuta halipo.

"Maore umefika?" alimuuliza.

"Bado."

Ernesta alitazama saa ukutani. Akafunga boksi, akamsogezea.

"Gari la Maore linaondoka saa saba," alisema. "Uende navyo, uwaonyeshe."